Bei ya Kunyamaza

Sikusema uongo. Naomba hilo lieleweke tangu mwanzo, maana ndilo nililokuwa nikijiambia njia nzima kutoka Temeke hadi Mwananyamala, nimekaa nyuma ya kirikuu, nimezikumbatia spika mbili kama mtu anayepeleka mbuzi wa Idi nyumbani. Tulipita Chang'ombe, tukashika Barabara ya Kawawa, tukaivuka Ilala na Magomeni, na kila gari lilipoingia kwenye shimo nilizilinda spika kwanza, mgongo wangu baadaye. Sikusema uongo hata neno moja. Na bado usiku ule sikulala.

Jambo lenyewe ni dogo. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyetolewa bastola. Mmoja alikuwa anauza, mwingine akanunua, wakapeana mikono. Lakini nimelizungusha kichwani muda mrefu, na kila nikidhani nimelimaliza linatokeza kwa upande mwingine, kama mtu anayejaribu kulifunika godoro la sita kwa sita kwa shuka la nne kwa sita.

Niseme kwanza juu ya ugonjwa wangu. Napenda spika za zamani, na simsemi yule Spika wa Bungeni; nasema zile za muziki, za kukaa sebuleni, sanduku la mbao na kitambaa mbele. Ugonjwa huu hauna wagonjwa wengi hapa mjini. Dar es Salaam ni mji wa sauti kubwa. Mtu akitaka kujua ubora wa spika anauliza ina wati ngapi, basi. Ikitikisa bati za jirani imefaulu. Mimi nauliza imetengenezwa na nini, na nani, na lini. Nimezitafuta Ilala kwenye mitumba, Gerezani katikati ya injini zilizokufa, na mara nyingine kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu, ambako spika haipelekwi kupumzika, inapelekwa kufa. Pale hawaulizi habari za muziki. Wanapasua sanduku kwa nyundo, wanachana karatasi, wanatoa shaba na sumaku, wanapima kilo. Nimewahi kuikuta spika nzuri kijana ameshaizungusha kisu nusu duara. Nilimlipa aache. Akanitazama kama mwendawazimu, akaipokea pesa.

Mtu wa ugonjwa huu hujifunza vitu ambavyo havina faida nyingine yoyote duniani. Najua kwamba spika nyingi za miaka ya 1970 zilizungushiwa ukingo wa sponji, na kwamba sponji hiyo, kwa joto na unyevu wa pwani yetu, inaoza hata spika ikiwa imekaa tu. Ukiigusa kwa kidole inamumunyika kama keki ya juzi. Najua kwamba kapasita hukauka, kwamba mende hupenda gundi ya zamani, kwamba ukigonga koni kwa ukucha taratibu na kusikiliza unaweza kujua kama koili imekwama. Natembea na bisibisi mfukoni kama daktari na kipimo chake. Huo ndio ujuzi wangu, na ndio ulioniponza.

Ilikuwa mwezi wa nane, mwaka 2022. Mshikaji mmoja wa kijiweni akaniambia kuna bibi kule Temeke anauza makabati ya redio. Nikaenda. Nyumba ya Kiswahili, korido katikati, vyumba huku na huku, bibi amekaa barazani anauza ubuyu na barafu. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mjukuu wangu, akaniingiza ndani mwenyewe huku akipapasa ukuta, kwa sababu jicho moja lilikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho na la pili lilikuwa njiani. Spika zilikuwa mbili, za mbao nzito nyekundu, nadhani mninga, zimepauka. Moja ilibeba televisheni. Ya pili ilibeba ndoo ya maji ya kunywa, na juu yake palikuwa na duara jeupe la miaka mingi. Kitambaa kilikuwa kimeota ukungu. Mbele hapakuwa na jina la kampuni wala alama.

Nikaomba ruhusa ya kufungua nyuma. Akasema fungua. Nikafungua skrubu nane, nikaondoa ubao, nikamulika kwa simu. Ndani, katikati ya vumbi jeusi, kifuniko cha sumaku kilikuwa cha rangi ya dhahabu.

Msomaji asiye na ugonjwa huu inabidi nimweleze. Kuna kampuni ya Kiingereza iitwayo Tannoy, iliyoanzishwa London mwaka 1926, ambayo Waingereza walilitumia jina lake hadi likawa neno la kawaida la vipaza sauti vya stesheni na viwandani. Tangu 1947 kampuni hiyo imekuwa ikitengeneza spika ya aina ya peke yake: sauti nyembamba inatokea katikati ya ile nene, zote kwenye shina moja, kama mtu anayeimba na kupiga besi kwa kinywa kimoja. Matoleo yake yaliitwa kwa rangi ya kifuniko cha sumaku. Lile la dhahabu lilitengenezwa kuanzia 1967 hadi 1974, na liliuzwa hata bila sanduku, mnunuzi akatafuta seremala wake. Ukingo wake ni mgumu, wa mikunjo, hauna sponji ya kuoza. Kwa wagonjwa wenzangu wa Ulaya na Japani hiyo ni kama kukuta kasa anataga. Jozi ya inchi 12 iliyo hai, ukiigeuza bei yake ya kule kwa shilingi zetu, inapita milioni 4. Nililijua hilo pale pale, nimepiga magoti kwenye sakafu ya bibi, taa ya simu inatetemeka.

Bibi akauliza, "Zina maana bado hizo?"

Nikasema, "Ni za zamani sana hizi, bibi."

Hilo ndilo jibu langu. Lipime utakavyo, halina uongo ndani yake. Zilikuwa za zamani sana. Akasema anataka 200,000, za nauli na vipimo vya macho. Na hapa ndipo ninapoona haya kuliko pote: nikaomba apunguze. Si kwamba sikuwa nazo. Niliomba kwa sababu ningezitoa mara moja angeshtuka, angeanza kujiuliza. Nikamwonyesha karatasi iliyochanika kwenye spika moja, nikamwonyesha kutu. Vyote vya kweli! Tukamalizana kwa 150,000. Akanishukuru, akanipa na pakiti mbili za ubuyu.

Kijiweni nilipokelewa kwa vifijo. "Mjini shule, kaka!" Nikawaambia naona kama nimemdhulumu yule bibi. Wakanicheka, lakini hawakunicheka bure, walikuwa na hoja. Mmoja akasema: asiyejua maana haambiwi maana. Mwingine akasema jambo zito zaidi, na sikuweza kumjibu siku ile. Akasema: ujuzi wako nao ni mtaji. Miaka yote umekuwa ukinunua mabovu, ukiunguzwa vidole na solda, ukisoma usiku, nani alikulipa? Leo ujuzi umezaa, unataka umgawie mtu aliyeweka ndoo juu yake? Fundi akija kukutengenezea friji kwa dakika tano kwa kukaza waya mmoja, humlipi dakika tano, unamlipa miaka ya kujua ni waya upi. Isitoshe, akasema, hiyo milioni 4 iko wapi hapa Temeke? Hiyo ni bei ya London. Hapa kwetu bei yake ni ile aliyoitaja mwenyewe.

Hoja hii ina umri mkubwa kuliko kijiwe chetu. Cicero, yule Mrumi, katika kitabu alichomwandikia mwanawe juu ya wajibu mwaka 44 kabla ya Kristo, anatoa mfano wa mfanyabiashara aliyesafirisha nafaka kutoka Alexandria hadi kisiwa cha Rhodes, wakati watu wa huko wana njaa na bei imepanda mno. Njiani ameziona meli nyingine nyingi zimejaa nafaka, zinakuja. Je, awaambie watu wa Rhodes, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Anasema wanafalsafa wawili waligombana juu ya hilo, mwalimu na mwanafunzi wake. Mwalimu, Diogenes wa Babeli, akasema muuzaji hana wajibu wa kusema zaidi ya anavyotakiwa na sheria. Kunyamaza si kuficha. Mwanafunzi, Antipater, akasema hapana, sisi ni ndugu wa jamii moja, faida yako haiwezi kutengwa na ya mwenzako. Cicero alimuunga mkono mwanafunzi. Na pale anapotofautisha kunyamaza na kuficha ndipo aliponikamata: siyo kila usilosema umelificha, anasema, lakini unaficha pale unapotaka mwenzio asijue jambo linalomhusu, kwa ajili ya faida yako.

Lakini yule alikuwa muuzaji, mimi mnunuzi. Nikajipa moyo kwamba mnunuzi ana unafuu. Nikamwendea ustadhi wa mtaani kwetu, ambaye hajui chochote juu ya spika na wala hazipendi, nikamweleza kama habari ya mtu mwingine. Hakudanganyika, nadhani, ila alinistahi. Akasema Mtume alikataza watu kutoka nje ya mji kuiwahi misafara njiani na kununua bidhaa kabla wenyewe hawajafika sokoni kujua bei. Na mwenye mali akishafika sokoni ana hiari ya kuuvunja mkataba. Sasa huyo bibi yako, akasema ("bibi yako", eti!), soko lake liko wapi? Nikanyamaza. Soko lake lilikuwa mimi. Yeye hakuwa na mji wa kufika akaulize. Kisha akanisimulia habari za Jarir bin Abdullah, sahaba, ambaye mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirhamu 300. Jarir akamtazama farasi, akamwendea muuzaji, akamwambia farasi wako anazidi hizo, akampandishia bei mwenyewe mara kwa mara hadi ikafika 800. Alifanya hivyo kwa sababu alikuwa amemwahidi Mtume kumtakia mema kila Mwislamu.

Nikatoka pale nimekereka. Watu wakubwa wa zamani wana tabia ya kukufanya uonekane mdogo.

Kwa hiyo nikafanya anachofanya mtu anayekwepa dhamiri: nikashika kazi. Nilizipeleka kwa fundi wangu wa Tandika, mzee aliyeanza na redio za betri na ambaye mikono yake haitetemeki ila akishika kijiko. Alipoziona akasema, "Weka za Mchina hapa kijana, inchi kumi na mbili ziko nyingi, zinapiga." Nikamkatalia. Tukabishana siku mbili juu ya nini kibadilishwe. Hili nalo si swali jepesi. Ukibadilisha kila kilichochoka unabaki na sanduku lenye jina la marehemu. Usipobadilisha kitu, unabaki na maiti. Tulikubaliana hivi: kapasita zimekauka, zitoke, waya wa ndani uliokula kutu, utoke, karatasi iliyochanika isitoke, iwekwe kiraka cha karatasi nyembamba na gundi ya maji, kwa sababu koni ile ndiyo sauti yenyewe, na ukiweka nyingine hiyo ni spika nyingine. Yale mavumbi meusi ndani yalitushangaza. Fundi akayanusa akasema mkaa huu. Mkaa ndani ya spika? Tukayapuliza, tukayapangusa kwa brashi ya rangi.

Kisha akachukua msasa asugue mbao, na ndani ya ubao wa nyuma nikaona maandishi ya penseli: mstari mmoja wa Kigujarati, na tarehe, 14-11-69. Fundi alikuwa ameshaweka msasa juu yake. Nikamwambia aache.

Nilimlipa 90,000, vipuri vikala 60,000. Nikafunga hesabu kichwani: basi, nimetumia 300,000 jumla, si 150,000. Ona jinsi moyo unavyojua kutunza daftari unapotaka.

Naomba niseme juu ya raha, kwa sababu ingekuwa unafiki kuieleza dhambi na kuificha raha yake. Jumapili moja asubuhi, kabla mtaa haujaamka, nikazifunga kwenye amplifaya yangu ya zamani, nikaweka rekodi za bendi zetu za miaka ya 1960 na 1970: NUTA, Kilwa Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Rekodi za namna hii nimezisikia tangu utotoni, kwenye redio za jirani, kwenye daladala, kwenye misiba. Nilidhani nazijua. Sikuwa nazijua. Kulikuwa na gitaa la pili ambalo sijawahi kulisikia maishani mwangu. Limekaa nyuma ya solo, linatembea polepole kama mtu anayemsindikiza mgeni. Kulikuwa na mtu anavuta pumzi kabla ya kuimba. Ukubwa wa chumba ulisikika. Watu wale waliimba kwa vyombo ambavyo mara nyingi havikuwa vyao, vilikuwa vya chama au vya mwenye bendi. Mwanamuziki akigombana na mwenye vyombo aliondoka na koo lake tu. Santuri zetu zikakamuliwa Nairobi, mpaka ukafungwa 1977, na sauti nyingi zikabaki kwenye kanda za redio. Na leo mmoja wao anavuta pumzi chumbani kwangu Mwananyamala.

Na ile sumaku! Sumaku za spika kama hizi ni mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti. Kobalti nyingi ya dunia ilitoka, na inatoka, Kongo, upande wa Katanga, ambao wakati ule wa Zaire uliitwa Shaba. Vita vilipofika Kolwezi mwaka 1978 bei ya kobalti ikapaa, na watengenezaji wa spika wengi wakaiacha sumaku ya namna hiyo wakahamia ile ya bei rahisi. Kwa hiyo katika spika hizi kuna kipande ambacho yawezekana kilichimbwa huko, kikaenda Uingereza kikiwa jiwe, kikarudi Afrika kikiwa mali ya tajiri. Aliyekichimba alilipwa kwa bei gani? Bei ya pale pale shimoni, bila shaka. Bei ya mtu asiye na soko jingine. Nikaona mlolongo mrefu wa watu waliouza bila kujua, na mwishoni kabisa, bibi na ndoo yake.

Nikazima amplifaya. Siku ya pili nikapanda gari la Temeke.

Nilidhani naenda kufanya jambo jema na kurudi nikiwa mwepesi. Nilikuwa nimebeba 200,000 kwenye bahasha na hotuba fupi kichwani. Bibi alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatisha. Hakushangaa kuhusu bei. Akaniuliza, "Zinalia?" Nikamwambia zinalia, bibi, vizuri mno. Akatabasamu, kisha akaanza kunisimulia. Marehemu mumewe alizinunua kwa Mhindi mmoja wa Upanga mwaka 1971, ile sheria ya utwaaji wa majumba ilipotoka na nyumba za thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikachukuliwa na serikali. Familia ile ilikuwa na wiki mbili za kuondoka. Mumewe alitoa shilingi 300, spika mbili na meza ya kulia. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, watu walipotupa mali usiku kwa hofu, alizifunga kwa khanga akazifukia stoo chini ya magunia ya mkaa.

"Alizileta siku ile anacheka," bibi akasema. "Nikamwambia, baba fulani, kicheko hicho mimi sikipendi. Akasema, si nimenunua? Nimeiba?" Akanigeuzia lile jicho zima. "Na wewe ulivyopakia, ulikuwa unacheka?"

"Nilijizuia, bibi."

"Afadhali yeye alicheka waziwazi."

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri. Lakini mwanawe mkubwa alikuwa chumba cha pili, amesikia milioni 4. Akatoka. Sitamlaumu, mtu akiambiwa mamake ameuza milioni 4 kwa 150,000 hawezi kubaki na sauti ya kawaida. Akaniita tapeli, nikapokea. Halafu akamgeukia mama yake, na hilo sikuwa nimelitarajia. Nani alikuruhusu kuuza mali ya baba? Mirathi haijagawanywa! Ndugu wakapigiwa simu. Dada mmoja akaja analia, akasema mwacheni mama. Mdogo akasema sheria ni sheria. Bibi wa watu, ambaye wiki mbili nyuma alikuwa na 150,000 zake na amani yake, sasa amekaa barazani anahojiwa na watoto aliowazaa. Mimi ndiye niliyemletea, kwa ukweli wangu. Kunyamaza kwangu kulimnyima pesa. Kusema kwangu kukamnyima watoto kwa muda wa mwezi mzima.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilichelewa, na kuchelewa nako ni kosa la aina yake. Ningesema siku ile ya kwanza, nimepiga magoti na taa ya simu mkononi, bibi angekuwa na ukweli ukiwa bado wake: angeamua auze, asiuze, amwambie mwanawe, asimwambie. Nilipousema baada ya mauzo ulikuwa umeshakuwa mashtaka. Sijui kama Antipater aliliwaza hilo. Jarir alimwendea mwenye farasi pale pale, kabla farasi hajatiwa hata hatamu.

Nilijitolea kuzirudisha. Mwana mkubwa akakubali, akapiga picha, akazitangaza kwenye simu kwa milioni 4. Wiki tatu. Aliyepanda juu kabisa alifika 250,000, naye aliuliza kwanza zina wati ngapi. Kuzisafirisha Ulaya? Mbao na chuma, kila moja mzigo wa watu wawili. Nauli na ushuru vingekula nusu, kama zingefika salama. Yule rafiki yangu wa kijiweni hakukosea kabisa, basi. Bei ya London haikuwa Temeke. Lakini 150,000 nayo haikuwa bei. Ilikuwa ni upofu wa mtu mmoja na ujanja wa mwingine, vikakutana mahali fulani.

Mwishowe tukakaa kikao, ustadhi akiwepo. Ikaamuliwa spika zibaki kwangu, niongeze 1,000,000, kwa mafungu ya 100,000 kila mwezi. Ukijumlisha na zile za kwanza ni 1,150,000. Kisha mdogo mtu akatoa kalamu. Mjane aliyeachiwa watoto fungu lake ni moja ya nane. Akagawa: 143,750. Ukimya ukapita barazani. Bibi alikuwa ameshapokea 150,000 na ameshazitumia kwa macho. Kwa hesabu ile, baada ya dhamiri yangu kuamka na ukoo mzima kukutana, haki yake ilikuwa pungufu ya alichopata siku niliyomdhulumu.

"Kwa hiyo nadaiwa shilingi elfu sita," akasema.

"Na mia mbili hamsini," mdogo akaongeza, kisha mwenyewe akaona haya.

Yule dada akasema fungu lake yeye litaenda kwa mama, asiyetaka na asitake. Wengine wakanyamaza. Mwezi wa kwanza nilipopeleka pesa nilimpa mwana mkubwa 100,000 zake akazihesabu mlangoni, halafu nikampitia bibi barazani nikanunua ubuyu wa shilingi 500, nikamwachia noti ya 10,000. Akaipapasa, akaitambua. Akanirudishia chenji yote, noti kwa noti na sarafu. Akasema yeye hauzi ubuyu wa elfu kumi.

Familia ya Upanga sijaitafuta, wala sijui ningeanzia wapi. Maandishi ya penseli bado yapo ndani ya ubao wa nyuma. Sijamtafuta wa kunisomea.

Mwezi uliopita nilipeleka fungu la saba. Bibi ameshatibiwa jicho moja. Aliniuliza kama ile yenye kiraka bado inalia, nikamwambia inalia. Akasema nikimaliza deni nizilete siku moja, azisikie. Mwanawe akasema labda tukodi kirikuu. Yamebaki matatu.